Mbwa Mwenye Saratani Aagwe Kabla Hajalemewa

Daktari wa mifugo anapoitwa usiku kumpumzisha mbwa mwenye saratani, mara nyingi hukuta hali ileile. Mbwa amelala sakafuni, anahema kwa taabu, fizi zimepauka, na watoto wameshaamka. Ugonjwa wenyewe ulijulikana wiki au miezi kadhaa nyuma, na kwamba hautapona ilishasemwa. Kilichokosekana muda wote huo ni uamuzi. Kila mtu nyumbani alikuwa akingoja mbwa aonyeshe mwenyewe kwamba muda umefika, na alipoonyesha, alikuwa ameshateseka vya kutosha. Makala haya yanatetea jambo ambalo wenye mbwa wengi hulisikia kwa uchungu: mbwa ambaye saratani yake haitibiki aagwe akiwa bado anaweza kuinuka na kuwapokea watu wake mlangoni, kwa siku iliyopangwa, mchana, bila papara. Kumngojea hadi azidiwe kabisa huonekana kuwa ndio uaminifu, lakini gharama ya kungoja huko anailipa mbwa peke yake.

Hata hivyo, uamuzi huo usifanywe kabla ugonjwa haujajulikana kwa jina lake. Wapo mbwa wanaouawa kwa sababu tu neno saratani limetajwa, ilhali wangepona. Mfano mkubwa katika ukanda wetu ni saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa kwa kujamiiana. Ni ugonjwa wa ajabu. Kinachohama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine ni chembe za saratani zenyewe, wala si virusi, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa zote zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Hustawi palipo na mbwa wengi wanaozurura bila kuhasiwa, na mitaa yetu mingi iko hivyo. Uvimbe wake unatisha kuutazama: nyama nyekundu yenye vinundu, inayomeguka ukiigusa na kudondosha damu sakafuni siku nzima. Anayeuona kwa mara ya kwanza huamini mwisho umefika. Kumbe dawa ya vinkristini, inayodungwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, huwaponya kabisa wengi wa mbwa hao. Kuutambua ugonjwa huu hakuhitaji mitambo mikubwa. Daktari hugusisha uvimbe kwenye kioo au hunyonya chembe kwa sindano nyembamba, huzipaka rangi, kisha huzitazama kwa hadubini. Vivyo hivyo uvimbe wa bandama: sehemu kubwa ya vimbe hizo ni saratani, lakini si zote, na picha ya utrasaundi peke yake haiwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo mtu asimuage mbwa wake kwa kukisia.

Baada ya kipimo, zipo saratani ambazo jibu lake ni gumu. Saratani ya mfupa huwapata zaidi mbwa wakubwa, kama Rottweiler, na hupenda kuanzia mguu wa mbele karibu na kifundo au begani, au mguu wa nyuma karibu na goti. Kufikia siku inapogunduliwa, katika mbwa takriban 9 kati ya 10 chembe zake huwa zimeshafika kwenye mapafu, hata kama picha ya eksirei bado inaonekana safi. Mguu ukikatwa bila dawa nyingine, nusu ya mbwa hufa ndani ya miezi 4 au 5; ukikatwa na dawa za saratani zikatumika, nusu hufikia miezi 10 hadi 12. Limfoma, ambayo huanza kama mitoki iliyovimba chini ya taya na nyuma ya magoti, huua ndani ya mwezi mmoja hadi miwili isipotibiwa. Dawa ya prednisoloni huongeza wiki chache, na mchanganyiko wa dawa kadhaa unaweza kufikisha mwaka. Saratani ya mishipa ya damu, inayowapata sana German Shepherd, hukaa kimya ndani ya bandama hadi siku inapopasuka na damu kujaa tumboni. Bandama ikiondolewa, wengi hupata mwezi mmoja hadi mitatu tu.

Nimezitaja takwimu hizi kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo familia huwa haielezwi: kila saratani ina namna yake ya kuua, na namna hiyo inajulikana mapema. Mguu wenye saratani ya mfupa unaweza kuvunjika, pengine mbwa akiruka ngazi moja tu. Uvimbe wa bandama utavuja. Saratani iliyofika kwenye mapafu itamnyima mbwa pumzi. Kwa hiyo mtu anaposema “afe mwenyewe, kifo cha kawaida, amelala pale kibarazani pake,” anawazia kifo ambacho ugonjwa huo hauleti. Wapo mbwa wachache wanaofia usingizini, lakini huwezi kujenga mpango juu ya bahati hiyo. Kifo ambacho wenye mbwa hukiita cha kawaida, kwa saratani nyingi, ni mfupa uliovunjika au kifua kinachokosa hewa, na huwa hakichagui saa ambayo daktari yuko macho.

Kuna tofauti nyingine, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Binadamu mwenye saratani anaweza kuvumilia maumivu ya leo kwa ajili ya jambo la kesho. Anataka kuona harusi ya binti yake, kumaliza ugomvi na ndugu, kutubu, kuandika wosia. Maumivu yake yana kitu anachoyabadilisha nacho. Mbwa hana mapatano hayo. Hajui kwamba mwezi ujao mtoto wa nyumba anarudi kutoka bweni, wala hawezi kukubali kuumwa wiki mbili ili amwone. Analo tukio la sasa: mfupa unauma, au hauumi, yupo karibu na watu wake, au hayupo. Ndiyo maana siku za ziada tunazomtafutia hazina thamani kwake zikiwa zimejaa maumivu, na anayefaidika nazo ni sisi tusio tayari kumwachia. Simlaumu mtu kwa kutokuwa tayari. Ninachosema ni kwamba kutokuwa tayari kwetu si dalili ya kitabibu.

Hapo huja pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine: “Lakini bado anakula, na bado anatikisa mkia.” Mbwa hutikisa mkia hata akiwa na maumivu makali, kwa kuwa mkia unajibu ujio wako na hausemi lolote kuhusu mfupa. Wengine hula hadi siku ya mwisho. Maumivu ya mbwa hutazamwa kwingine. Tazama kama anahema kwa kasi akiwa amepumzika kivulini wakati wa baridi ya asubuhi. Tazama kama usiku anainuka, anazunguka, analala, anainuka tena. Tazama kama analamba sehemu moja ya mguu mpaka manyoya yanageuka rangi, au kama anasimama mbele ya ngazi aliyokuwa akiiruka na kukutazama. Mwaka 2004 daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa kipimo kinachosaidia sana nyumbani: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na wingi wa siku njema kuliko mbaya, kila kimoja kikipewa alama kutoka 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, maisha bado yanavumilika. Mimi naona manufaa yake makubwa hayako kwenye namba. Yako katika kuwalazimisha watu wa nyumba moja, ambao kila mmoja humwona mbwa kwa jicho lake, kukaa na kukubaliana walichokiona wiki hii. Anayemlisha na anayemsafisha huwa na majibu tofauti, na mara nyingi anayemsafisha ndiye aliye karibu na ukweli.

Msomaji makini atauliza: je, ukiwahi mno, hukumpokonya siku njema? Ndiyo, inawezekana. Mbwa aliyepumzishwa Jumatano huenda angefurahia Alhamisi. Lakini pima hasara zote mbili. Ukiwahi, mbwa anakosa siku ambazo hakujua kuwa alikuwa akizidai. Ukichelewa, anapata saa za hofu na maumivu ambazo anazihisi zote. Hasara hizi hazilingani, na mahali ambapo hatujui siku yenyewe, ni haki kukosea upande usiomuumiza. Hii haina maana ya kukimbilia sindano siku ya majibu ya maabara. Kati ya siku hiyo na siku ya kuagana kuna kipindi cha tiba shufaa, ambacho kinaweza kuwa kizuri kwelikweli: meloksikamu au dawa nyingine ya mbwa ya maumivu kwa kipimo cha daktari, mkeka mnene, bakuli la maji karibu, matembezi mafupi. Hata kukata mguu, jambo linalotisha wengi, kunaweza kuwa tiba ya maumivu tu, maana mbwa wengi hutembea vyema kwa miguu mitatu. Onyo moja hapa ni la lazima. Usimpe mbwa ibuprofeni au diklofenaki uliyonunua duka la dawa kwa ajili yako. Dawa hizo humtoboa tumbo na kumharibia figo, na mwenye mbwa hudhani ni saratani inayozidi.

Wengine hupinga kwa misingi ya imani: uhai ni wa Mungu, mtu asiuguse. Hoja hii isijibiwe kwa dharau. Kwa wafugaji wa pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii na mbwa hukaa nje kama mlinzi, inafaa kukumbuka kwamba hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inamhusu mnyama huyuhuyu, na kwamba mafundisho ya kuchinja yenyewe yanaagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteswe. Wajibu wa kumpunguzia mnyama mateso upo. Namna ya kuutimiza, mtu amuulize sheikh au mchungaji wake mapema, kabla ya usiku wa dharura. Kuhusu kauli kwamba “huyo ni mbwa tu”, nasema hivi: aliyelinda boma miaka 10 amefanya kazi, na mwisho wake ni sehemu ya hesabu ya kazi hiyo.

Hofu nyingine hutokana na kutojua kinachofanyika. Daktari huanza na sindano ya kumtuliza, mbwa akiwa mahali anapopapenda, kichwa chake mapajani mwa mtu anayemjua. Akishasinzia, hunyolewa kipande kidogo cha manyoya mguuni, na pentobabitali, ambayo ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kupita kiasi, huingizwa kwenye mshipa. Fahamu hupotea kwa sekunde, pumzi husimama, kisha moyo, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Huenda kifua kikavuta pumzi moja au mbili, misuli ikatetemeka, mkojo ukatoka. Hayo hutokea mbwa akiwa hayupo tena, na aliyeambiwa mapema hashtuki. Pentobabitali isipopatikana, zipo njia nyingine halali, na sharti lake ni moja: mbwa awe amepoteza fahamu kabisa kabla ya dawa inayosimamisha moyo.

Sumu, kamba, na kumtupa mbwa mbali na nyumbani si njia za kuagana. Strikinini, ambayo imetumika sana kuulia mbwa wa mitaani, hukaza misuli yote kwa mitukutiko mnyama akiwa na fahamu zake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya Kenya, Sura ya 360, zote zinakataza ukatili. Asiyemudu gharama yote ya matibabu amwambie daktari hivyo waziwazi, maana mbwa asiyetibiwa saratani bado anastahili dawa ya maumivu na mwisho mwema, na hayo mawili ni nafuu kuliko tiba yenyewe. Mzoga nao uzikwe kwa kina kirefu au uchomwe siku hiyohiyo. Pentobabitali hubaki ndani ya nyama, na tumbusi, fisi au mbwa wa jirani akiula anaweza kufa. Watoto waambiwe kwamba mbwa alikuwa mgonjwa sana na amekufa. Wakiambiwa amelala, wapo watakaoogopa kufumba macho usiku.

Kama mbwa wako ameshapewa majibu ya saratani isiyotibika, mwulize daktari wake wiki hii: ugonjwa huu utamuua kwa namna gani, na dalili ipi itatangulia? Iandike dalili hiyo kwenye kalenda ya ukutani, mkubaliane nyumbani kwamba ikionekana hamtangoja ya pili, na mwombe daktari namba atakayopokea siku hiyo.