Moyo Kwenda Mbio: Istilahi za Msongo kwa Watoto

Neno "moyo" lina maana mbili zinazokaribiana: kiungo kinachosukuma damu mwilini, na makao ya hisia. Kirundi nacho hutumia "umutima" kwa namna hiyohiyo. Basi mtoto akisema, "Moyo unanienda mbio," mfasiri hujiuliza: anaumwa, au anaogopa? Swali hili lina uzito wake huko Kasulu na Kibondo, ambako kambi za Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, na Nduta zilipokea watoto waliokimbia vita vya Kongo na ghasia za Burundi za 2015.

Kwa moyo wenyewe, mambo hayo mawili hupita njia moja. Mtoto apandapo kilima na ndoo ya maji, misuli hudai damu zaidi na mapigo huongezeka. Akisikia kishindo kinachomkumbusha bunduki, ubongo huamsha neva zilezile, na tezi zilizo juu ya mafigo hutoa adrenalini. Moyo huenda mbio ingawa ameketi. Tena moyo wa mtoto ni mdogo, hutoa damu kidogo kwa kila pigo, hivyo hutegemea zaidi wingi wa mapigo. Mapigo 140 kwa dakika ni ya kawaida kwa mtoto mchanga, lakini kwa mtu mzima aliyetulia yangetia shaka.

"Msongo" hutokana na "kusonga", yaani kubana. "Msongo wa mawazo" limekwisha kuenea. Sambamba nalo, "msongo wa mwili" lingefaa kwa kazi nzito, homa au upungufu wa damu. "Kiherehere" lilifaa kwa moyo unaopapa, lakini siku hizi wengi hulielewa kuwa ni kujitia katika yasiyokuhusu. "Moyo kwenda mbio" ni wazi zaidi. "Mshtuko wa moyo" lisitumiwe kwa hofu, kwani hutaja maradhi ya ghafla ya misuli ya moyo kukosa damu.

Mfasiri asikate shauri mwenyewe. Aandike maneno ya mtoto yalivyo, pamoja na hali yake: alikuwa akikimbia, ana homa, au ameketi? Malaria huweza kupunguza damu mwilini. Mgonjwa wa namna hiyo akiandikiwa "ana hofu tu", hukosa tiba. Naye mwenye hofu akiandikiwa "ana ugonjwa wa moyo", huongezewa hofu.