Mwani kwenye tangi: tazama maji unayoongeza

Wanaofuga samaki wa baharini nyumbani hulalamikia mwani unaofunika vioo, kisha hukimbilia dawa. Mwani ukifa ukaoza humo ndani, huwanyima samaki hewa na kuachia majini naitreti na fosfeti zile zile zilizouotesha.

Chakula kinachobaki kina makosa, naam, lakini hapa Mombasa mimi hushuku kwanza kisima. Visima vingi viko karibu na vyoo vya shimo, na naitreti haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya tangi yakikauka, chumvi hubaki. Basi ongeza maji matamu yaliyopita mashine ya kuondoa chumvi. Ya kubadilishia, chota bahari kuu wakati wa maji kujaa, si hori la Tudor penye majitaka. Taa, saa 8 kwa siku zatosha.