Nafasi ya Besiboli Chuoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Kijana anayecheza besiboli katika shule ya sekondari nchini Marekani hupokea barua pepe nyingi. Moja humwalika kwenye kambi ya mazoezi ya chuo kikuu mashuhuri. Nyingine humwarifu kwamba amechaguliwa kushiriki mashindano ya kujionyesha mbele ya makocha. Ya tatu, kutoka kampuni asiyoijua, humwahidi kulifikisha jina lake kwa mamia ya vyuo. Zote tatu huishia kwenye bei. Wazazi ambao hawakukulia katika mchezo huu, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili waliohamia nchi hii, huweza kuamini kwamba hivyo ndivyo vyuo vinavyosajili wachezaji, na kwamba asiyelipa amemnyima mwanawe nafasi. Sivyo ilivyo.

Tuanze na tarehe. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi, kocha wa Divisheni ya Kwanza haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji wa besiboli kuhusu usajili kabla ya tarehe 1 Agosti, mwanafunzi anapokaribia kuanza darasa la 11. Kabla ya siku hiyo anaruhusiwa kutuma matangazo ya kambi na fomu za kujaza habari za mchezaji. Kwa hiyo barua inayomfikia mtoto wa darasa la 9, hata ikiwa na nembo ya chuo na jina la mtoto juu yake, ni tangazo la kambi tu. Vilevile, kocha asipomjibu mtoto wa umri huo, huenda anatii kanuni, wala si dharau. Baada ya tarehe hiyo, kijana mwenyewe, si mzazi, amwandikie kocha na kumwuliza mambo mawili: Je, mmewahi kuniona nikicheza? Je, mnatafuta mchezaji wa nafasi yangu kwa mwaka nitakaohitimu? Majibu yake yatakuonyesha kama safari ya kambi inastahili gharama.

Matumaini makubwa ya familia huwa katika ufadhili wa masomo, na hapa ndipo tunapoona hesabu nyingi zikikosewa. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu kwa kikosi kizima, nao uligawanywa vipande vipande. Mrushaji hodari aliweza kupata nusu ya gharama, na mwenzake robo. Tangu tarehe 1 Julai 2025, kufuatia suluhu ya mahakama katika kesi ya House, chuo kilichokubali masharti yake kinaweza kumfadhili kila mchezaji, lakini kikosi kisizidi watu 34. Kuruhusiwa kufadhili si sawa na kuwa na fedha za kufadhili. Tena, wachezaji wa vyuo sasa huhama kwa urahisi, na kocha mwenye nafasi chache huweza kumchagua mrushaji wa miaka 21 aliyekwisha kujaribiwa akamwacha wa miaka 18.

Nje ya Divisheni ya Kwanza hali ni tofauti. Divisheni ya Pili ina ufadhili 9 kwa timu, na vyuo vya NAIA vina 12. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, ingawa vyuo vyake hutoa msaada kwa ajili ya alama nzuri au uhitaji wa familia, na msaada huo huweza kuzidi robo ya ufadhili iliyopatikana kwingineko. Vyuo vya miaka miwili vilivyo katika Divisheni ya Kwanza ya NJCAA vinaruhusiwa kutoa hadi 24. Kwa maoni yetu, familia huvidharau vyuo hivi mapema mno.

Yapo mambo ambayo hayahitaji wakala. Anayetaka kucheza katika Divisheni ya Kwanza lazima akamilishe masomo 16 ya msingi yaliyokubaliwa na NCAA, kwa wastani usiopungua 2.3. Masomo 10 kati ya hayo, yakiwamo 7 ya Kiingereza, hisabati au sayansi, yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12. Kila shule ina orodha ya masomo yaliyokubaliwa. Mwombe mshauri wa wanafunzi akuonyeshe. Mwanafunzi aliyehamia karibuni aangalie hasa somo la Kiingereza kwa wageni, kwa kuwa haliingii katika hesabu hivi hivi tu. Aliyesoma darasa la 9 au zaidi nje ya Marekani atatakiwa kuwasilisha matokeo yake ya huko pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na karatasi hizo huchukua muda kupatikana. Ada ya kujiandikisha NCAA huweza kusamehewa kwa familia zenye kipato kidogo. Video nayo inaweza kupigwa kwa simu ya mkononi.

Ukiamua kutumia wakala hata hivyo, usikubali malipo yanayotegemea kupatikana kwa ufadhili, wala asilimia ya ufadhili huo. Kanuni za NCAA haziruhusu mpango wa namna hiyo, na atakayehatarisha haki ya kucheza ni mtoto wako. Ukitia saini nyumbani kwako kwa dola 25 au zaidi, au mahali pa muda kama ukumbi wa hoteli kwa dola 130 au zaidi, sheria ya shirikisho hukupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha. Jumamosi huhesabiwa kuwa siku ya kazi. Muuzaji aliyekueleza biashara yake kwa Kiswahili anawajibika kukupa mkataba au stakabadhi kwa Kiswahili. Kinga hii haigusi mikataba iliyofanywa yote kwa simu au kwa intaneti, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya wauzaji hupenda kumalizia huko.

Mwishowe kuna ahadi ya kocha. Ahadi ya mdomo haimfungi kocha wala mchezaji, hata ikisherehekewa na shule nzima. Barua ya kitaifa ya kukusudia, iliyokuwa ikitiwa saini kila mwaka, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachofunga sasa ni mkataba wa msaada wa fedha unaotolewa na chuo chenyewe. Kabla ya kijana kukikataa chuo kingine, omba uonyeshwe kwa maandishi ni kiasi gani, ni kwa miaka mingapi, na itakuwaje akiumia au kocha akiondoka. Tunza nakala, pamoja na risiti za kila ulichomlipa wakala, kwa kuwa hizo ndizo ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo itakazokuuliza kwanza utakapopeleka malalamiko.