Dripu na saa ya kwanza ya mgonjwa wa dharura

Miongoni mwa tiba zinazotolewa katika vitengo vya dharura, ni chache zilizozoeleka kama dripu ya maji ya chumvi, na kuzoeleka huko ndiko kulikofanya ichukue miaka mingi kabla ya kuulizwa kwa utafiti kama humfaa kila anayetundikiwa. Mgonjwa anayefikishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, akiwa na homa kali, mikono ya baridi na mapigo ya moyo ya haraka lakini dhaifu, huhesabiwa kuwa yumo katika mshtuko, yaani hali ambayo damu haifiki ya kutosha kwenye viungo vya mwili. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine: tabibu huubonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka ukawa mweupe, akauachia, kisha akahesabu; wekundu ukichukua sekunde tatu au zaidi kurejea, mzunguko wa damu umezorota. Mara nyingi chanzo huwa ni sepsisi, yaani maambukizi yaliyouchokoza mwili hata ukaanza kuviharibu viungo vyake wenyewe, na jawabu lililofundishwa kwa miongo kadhaa lilikuwa kumjaza mgonjwa maji kwa kasi kupitia mshipa.

Fundisho hilo lilipata nguvu mwaka 2001, pale Emanuel Rivers na wenzake walipochapisha matokeo ya utafiti wa kitengo cha dharura cha hospitali moja ya Detroit, Marekani, uliohusisha wagonjwa 263. Kati ya waliopata tiba ya kawaida walifariki asilimia 46.5, na kati ya waliotibiwa kwa ratiba kali ya saa sita, yenye maji, dawa za kupandisha shinikizo la damu na hata kuongezewa damu, walifariki asilimia 30.5. Tafiti tatu kubwa zaidi, zilizochapishwa 2014 na 2015, hazikuiona tena faida hiyo, lakini kufikia hapo mwongozo ulikwisha kusafiri, tena bila ya vitanda vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia zilizokuwa nyuma yake.

Afrika Mashariki ilipata jawabu lake katika utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi na kufanywa kuanzia 2009 hadi mwanzoni mwa 2011 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania Bara, ambako kituo kilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, si mbali na pwani inayotazamana na Pemba. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko waligawanywa kwa nasibu, yaani kwa namna ambayo si daktari wala mzazi aliyeweza kuchagua mtoto aingie kundi gani. Ugawaji huo una maana kubwa, kwa kuwa daktari akiachiwa achague, humpa tiba anayoiamini mtoto aliye taabani zaidi, na matokeo yakija haijulikani tena kama tofauti imeletwa na tiba au na ukali wa ugonjwa. Makundi mawili yalipewa maji kwa kasi, moja maji ya chumvi na jingine maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. Kundi la tatu, la ulinganisho, lilipewa maji ya taratibu tu ya kukidhi mahitaji ya mwili. Watoto wenye kuharisha hawakuingizwa, jambo ambalo msomaji asilisahau, kwani mtoto aliyekaushwa na kipindupindu bado huokolewa na maji.

Kamati huru iliyokuwa ikizipitia takwimu ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa. Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 7.3 katika kundi la ulinganisho, na asilimia 10.5 na 10.6 katika makundi ya maji ya kasi. La kushangaza zaidi liliibuka katika uchambuzi wa baadaye: ilipotimia saa moja, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliojazwa maji, dhidi ya asilimia 32 ya wasiojazwa. Kwa macho ya muuguzi aliyesimama kitandani maji yalikuwa yakifanya kazi, mikono ikipata joto na mapigo yakitulia, kumbe vifo vilikuwa vikiongezeka saa zilizofuata, mara nyingi kwa moyo na mishipa kushindwa wala si kwa mapafu kujaa maji kama ilivyodhaniwa. Hapo uzoefu wa kazi, hata wa miaka thelathini, huwa shahidi dhaifu, kwa kuwa tabibu wa dharura huiona saa ya kwanza na haioni wadi ya usiku.

Kwa watu wazima jawabu lilitoka Lusaka, Zambia, katika utafiti uliochapishwa 2017: kati ya wagonjwa 209 wa sepsisi, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walifariki asilimia 48.1 ya waliotibiwa kwa ratiba ya maji mengi na asilimia 33.0 ya waliopata tiba ya kawaida. Ni kama tarakimu za Detroit zilizopinduliwa juu chini.

Haifuati, hata hivyo, kwamba Unguja iyachukue matokeo ya FEAST na ya Lusaka kama yalivyo. Zaidi ya nusu ya watoto wa FEAST walikuwa na malaria, ilhali Zanzibar kwa miaka mingi imekuwa na kiwango cha maambukizi kilicho chini ya asilimia 1, kwa hiyo mtoto wa Unguja mwenye homa na mshtuko huenda anaugua kitu kingine kabisa. Utafiti wa Mnazi Mmoja uliochapishwa 2015 ulipima damu ya wagonjwa 469 na kukuta vijidudu vya maradhi kwa takriban mmoja katika kila saba, na sehemu kubwa ya bakteria aina ya Klebsiella na E. koli walikuwa na vimeng'enya vinavyoivunja seftriaksoni, antibiotiki ambayo hospitali nyingi huanza nayo. Huenda, basi, swali la kwanza la kutafitiwa Unguja likawa ni sindano ipi itangulie, na maji yakafuata nyuma yake.

Wanaoona vibaya mgonjwa kunyimwa tiba iliyozoeleka kwa ajili ya utafiti wana mfano wa kuuzingatia kisiwani Pemba, ambako zaidi ya watoto 24,000 walishiriki katika utafiti wa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki uliochapishwa 2006: sehemu ya vidonge hivyo ilisitishwa mapema baada ya kubainika kwamba waliovipewa walilazwa au kufariki zaidi. Kilicho kigumu kwa kweli ni ridhaa, kwani mzazi aliyebeba mtoto anayezimia hawezi kusomewa kurasa za maelezo na kuzipima. FEAST iliruhusiwa kupokea kwanza kauli ya mdomo, kisha ridhaa ya maandishi mtoto alipotulia. Utaratibu huo ni wa haki kwa aliyepona. Kwa mzazi aliyefiwa kabla ya hatua ya pili, kamati ya maadili ingefaa imtake mtafiti, kabla ya kumpa kibali, ataje ni nani atakayekwenda kwa familia hiyo, lini, na kwa maelezo gani.