Mwalimu wa video hakuoni

Andika "yoga ya mjamzito" kwenye YouTube na simu itakumwagia video mpaka kidole kichoke kuteremsha. Nyingi zinafanana: chumba cheupe, dirisha kubwa, ua kwenye chungu pembeni, na mwanamke wa miezi saba aliyeketi wima akitabasamu kana kwamba hajawahi kuamshwa usiku na kiungulia. Mama kijacho wa Tabata au Kisauni anayetaka kujinyoosha nyumbani jioni huishia kuchagua kwa sura. Sauti ya mwalimu ni nzuri, mandhari yanavutia, dakika hazizidi 20, basi, twende.

Vigezo hivyo si vibaya, ila havigusi jambo lenyewe. Darasani mwalimu anakutazama. Akiona umebana pumzi atakukumbusha uitoe. Akiona uso umepauka atakukalisha, na goti likianza kuyumba atakusogezea kiti. Mwalimu wa video alirekodi somo lake zamani, akazima taa, akaenda zake. Hajui kama umeshika mimba ya wiki 12 au 36, wala kama jana ulilala kwa maumivu ya kiuno. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni mzuri, uliza kama anajua kwamba hakuoni, na kama anafundisha kwa kulizingatia hilo.

Anayejua utamtambua kwa maneno yake. Husema mapema video ni ya kipindi gani cha mimba. Kila mkao huutolea njia mbili au tatu: huyu wa mwezi wa nne afanye hivi, yule ambaye tumbo limeshamzidi apanue miguu, aliyechoka ashike ukuta. Video nyingine huweka wanawake watatu mbele ya kamera, kila mmoja katika kipindi chake, ili umtazame yule anayelingana na wewe. Na anasema "acha" mara nyingi kuliko anavyosema "endelea". Anayekupigia makofi tu muda wote anafaa kwa watu wasio na mimba.

Njia rahisi ya kumpima ni kuketi na chai yako, kulaza simu kifudifudi, kisha kuisikiliza video nzima bila kuitazama. Siku ya mazoezi yenyewe utakuwa umepiga magoti, viganja chini, uso sakafuni, na simu imeegemezwa kwenye mguu wa stuli. Ukilazimika kukunja shingo kila mara uone mguu upi umekwenda wapi, umeshapoteza faida yote ya zoezi na shingo itauma bure. Kama kwa sauti peke yake unaweza kuchora kichwani kinachofanyika, huyo ni mwalimu. Hapo ndipo lugha inapoingia pia. Nyingi ya video hizi ni za Kiingereza, na baadhi huchanganya majina ya Kisanskriti. Chagua Kiingereza ambacho sikio lako linakipata bila kuhangaika, hata kama mwalimu mwenyewe si maarufu. Aliyezoea kuongea haraka kama mtangazaji wa mpira mwache, kwa kuwa hutakuwa na nafasi ya kutafsiri huku umesimama kwa mguu mmoja.

Sasa, katika kusikiliza huko, masikio yatege nini?

La kwanza ni kulala chali. Kadiri mimba inavyokua, mfuko wa uzazi hulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mama anaweza kuhisi kizunguzungu, kichefuchefu au pumzi kukatika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wajawazito waepuke mazoezi ya kulala chali baada ya miezi mitatu ya kwanza. Nesi wa kliniki alishakuambia ulalie ubavu, hasa wa kushoto, na mwalimu makini husema vivyo hivyo hata kwenye mapumziko ya mwisho, ambayo katika yoga ya kawaida hufanywa chali. Akikulaza chali dakika kumi katika video aliyoiita ya miezi mitatu ya mwisho, bila hata mto mgongoni, funga utafute nyingine.

La pili halionekani kwa urahisi. Mwili wa mjamzito hutoa homoni iitwayo relaksini, na pamoja na mabadiliko mengine ya mimba, kano zinazoshikilia viungo hulegea ili nyonga ipate kupanuka. Matokeo yake, mwanamke ambaye hakuwahi kugusa vidole vya miguu anajikuta anavifikia, na anafurahi. Furaha hiyo ina gharama zake. Kiungo kilicholegea hakikuambii mapema kwamba umekivuta kupita kiasi. Utajua kesho yake, ukigeuka kitandani au ukipanda daladala, maumivu yanapochoma kwenye mfupa wa kinena. Mwalimu anayesema "nenda mbali zaidi, zaidi kidogo" hakufai miezi hii. Anayekuambia uishie nusu ya unapoweza kufika anajua kazi yake.

Mengine ni mepesi kuyakumbuka. Kujipinda kuanzie mabegani, kifua kikifunguka kuelekea upande ulio wazi, na tumbo lisikandamizwe kwenye paja. Pumzi isibanwe, wala kusiwe na ile pumzi ya kasi inayopigwa kwa tumbo kama mvukuto. Kutoka sakafuni hadi kusimama kuwe kwa hatua, kwa sababu presha ya mama hushuka katikati ya ujauzito na kichwa huweza kuzunguka ghafla. Na ukiona tumbo linachomoza katikati kama paa la nyumba unapojiinua, misuli inaachana: zoezi hilo liachwe, hata kama mwalimu analifanya huku anacheka.

Tarehe ya kurekodiwa nayo itazame, maana ushauri wenyewe haujakaa mahali pamoja. Mazoezi ya ujauzito kwa video yalianza kupata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale mwigizaji Jane Fonda wa Marekani alipozigeuza sebule za watu kuwa kumbi za mazoezi kwa kanda zake, mojawapo ikiwa ya wajawazito. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa wanawake na uzazi cha Marekani, ACOG, kilitoa mwongozo uliowataka wajawazito wasiruhusu moyo kupita mapigo 140 kwa dakika, na mazoezi mazito yasizidi dakika 15. Kikomo hicho cha mapigo kiliondolewa mwaka 1994. Leo ACOG na Shirika la Afya Duniani wote wanazungumzia angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mwenye mimba isiyo na matatizo, na kipimo kinachotumika sana ni mdomo: uweze kuongea huku unafanya zoezi, lakini usiweze kuimba. Bado utazikuta video zinazokuhesabia mapigo ya moyo kana kwamba mwaka 1994 haukufika.

Kuna pia hofu iliyozidi upande wa pili. Kwa miaka mingi walimu walikataza mikao fulani kabisa, kama ule wa kuinamisha kichwa huku makalio yako juu, unaoitwa mbwa. Mwaka 2015 jarida la Obstetrics & Gynecology lilichapisha utafiti wa wanawake 25 wenye mimba za wiki 35 hadi 37, waliofanya mikao 26 ya yoga, huo wa mbwa ukiwamo, huku mapigo ya moyo ya watoto yakifuatiliwa kwa mashine. Hakuna mtoto aliyeonyesha dalili ya shida, na hakuna mama aliyeanguka. Habari njema, ila soma na mazingira yake: mimba zao hazikuwa na matatizo, na kila mmoja alikuwa na mwalimu wake pembeni. Sebuleni kwako pembeni pana kabati la vyombo.

Ninachokishuku zaidi kuliko mikao ni ahadi. "Dakika kumi za kumgeuza mtoto." "Jifungue bila maumivu." Vichwa vya habari vya namna hii hukusanya watazamaji, na kwetu vinakutana na ushauri wa siku nyingi wa mashangazi na mama wakwe: mwezi wa tisa piga deki kwa magoti, mtoto atakaa vizuri. Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Australia waliwagawa zaidi ya wanawake 2,500 kuanzia wiki ya 37. Kundi moja lilipiga magoti na viganja chini, likitikisa nyonga polepole dakika kumi mara mbili kwa siku, na kundi lingine lilitembea. Matokeo yalichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2004. Wakati wa kuzaliwa, watoto waliokaa vibaya, kisogo kikielekea mgongoni mwa mama, hawakupungua kwa sababu ya zoezi. Mkao wenyewe hauna ubaya. Wengi huupenda kwa kuwa unaupumzisha mgongo uliobeba tumbo kutwa nzima, na hiyo ni sababu tosha ya kuufanya. Anayekuuzia zaidi ya hapo anauza, hafundishi. Deki nayo, mwenye nguvu na apige, sakafu itakuwa safi.

Mbele ya majina ya walimu utaona herufi. RPYT humaanisha mwalimu wa yoga ya ujauzito aliyesajiliwa na Yoga Alliance ya Marekani, aliyepitia mafunzo ya saa 85 ya eneo hilo juu ya ualimu wake wa kawaida. Ni dalili nzuri, si leseni ya udaktari. Mimi ningempa nafasi ya kwanza mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia anayefundisha yoga, hata kama video yake ina mwanga hafifu na kuku wanasikika nje.

Suala la imani halipaswi kurukwa, kwa sababu wengi huliwaza kimyakimya. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwazuia Waislamu kufanya yoga kutokana na ibada ya Kihindu iliyomo ndani yake. Siku chache baadaye waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akasema mazoezi ya viungo yasiyo na nyimbo za ibada hayana tatizo. Wakristo wengi nao wana mashaka kama hayo. Video zinatofautiana sana kwa hili: zipo zinazoanza na kumaliza kwa kuimba, zipo ambazo hutasikia chochote ila "vuta pumzi". Katika kile kikao cha chai utajua mara moja. Na kama nafsi inasita hata baada ya hapo, tafuta video ya kujinyoosha kwa wajawazito isiyo na jina la yoga, utakuta mikao mingi ni ileile. Mwanamke anayeswali ameshazoea rukuu na kuweka paji la uso chini katika swala tano za kila siku. Misuli yake haitashangazwa na mengi.

Nyumbani kwenyewe, adui ni marumaru. Mkeka wa plastiki au wa ukindu juu ya marumaru huteleza, na mjamzito mwenye uzito mbele si mtu wa kuteleza. Kama huna mkeka wa mpira, fanya mikao ya kusimama peku kwenye sakafu tupu karibu na ukuta, na khanga iliyokunjwa uiweke chini ya magoti tu. Godoro ni laini mno kwa kusimamia. Vifaa vya kwenye video visikutishe: kanda ya kuvutia mguu ni khanga nyingine, tofali la yoga ni kitabu kinene, na kiti cha mbao kisichoyumba kinashinda vyote. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, fanya alfajiri, dirisha wazi, maji karibu. Yoga ya chumba chenye joto, ile inayofanywa kwenye nyuzi zinazokaribia 40 au zaidi, wajawazito wanaambiwa waiepuke kabisa, na chumba cha bati saa nane mchana kinaikaribia bila malipo. Video ipakue mara moja penye waifai. Utaokoa bando, na tangazo la kubeti halitakukurupusha ukiwa umefumba macho.

Yote haya yanamhusu mama ambaye mimba yake haina tatizo, na hilo halijulikani kwa kujitazama kwenye kioo. Upungufu mkubwa wa damu, presha ya mimba, kondo la nyuma lililokaa chini na kufunika njia, shingo ya kizazi iliyoshonwa, mapacha wenye dalili za kuwahi: mwenye mojawapo asifungue video yoyote mpaka daktari aseme. Na kwa wote, damu ikitoka, maji yakimwagika, tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, kichwa kikigonga, kifua kikiuma, pumzi ikikosekana hata kabla ya kuanza, au kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, zima simu uende hospitali. Hakuna kumalizia dakika tano zilizobaki.

Kliniki ijayo, beba kadi na video iliyopakuliwa. Uliza HB yako, yaani wingi wa damu, imesomaje na, kama ulipigwa utrasaundi, kondo liko wapi. Kisha mwonyeshe nesi kipande kifupi, sauti ukiwa umeizima kwa heshima ya foleni. Usimwonyeshe mwanzo, kwa kuwa mwanzo wa video zote ni kuketi na kupumua na ataipitisha yoyote. Sogeza mpaka katikati, pale wanapoinama na kujipinda, umuulize kama hayo wewe unaweza.