Tope la nani? Jinsi wataalamu wa Ulaya walivyojipanga kusimamia mashapo ya mito

Kila mwaka Bandari ya Rotterdam, Uholanzi, huchota zaidi ya mita za ujazo milioni 10 za tope na mchanga kutoka chini ya maji yake. Isipofanya hivyo, kina kinapungua na meli kubwa haziingii.

Mchanga mwingi unasukumwa na bahari. Lakini tope lililowaumiza watu kichwa kwa miaka mingi ni lile linaloteremka na mto Rhine. Mto huo unaanzia milima ya Uswisi, unapita mpakani mwa Ufaransa na kukatiza Ujerumani yenye viwanda, halafu ndiyo unafika Uholanzi. Yaani kilichomwagwa njiani kote huko, anayekipokea ni mtu wa mwisho.

Na anayekipokea ndiye anayelipa. Je, ni haki?

Swali hilo halina jibu rahisi, na hakuna nchi moja ya Ulaya inayoweza kulijibu peke yake. Ndiyo maana mwaka 2002 ukaanzishwa SedNet, mtandao wa wataalamu wa mashapo wa Ulaya. Hauna polisi wala mahakama, na hauwezi kumtoza mtu faini. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 baadaye bado upo.

Kwanza, mashapo ni nini?

Ni chochote kigumu kinachobebwa na maji na kutulia chini: mchanga, changarawe, kokoto, udongo laini, mabaki ya majani. Mto wowote wenye afya unayo. Samaki wengine hutaga mayai kwenye changarawe yake, na mashapo hayohayo ndiyo yanayojenga delta na fukwe.

Tatizo la kwanza ni sumu. Chembe za udongo laini ni ndogo mno, na ukizikusanya pamoja zina eneo kubwa la kunasa vitu. Zebaki, risasi, kadimiamu na mabaki ya viuatilifu hung'ang'ania hapo. Mchanga haunasi sana. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kufungwa, maji yakaonekana safi, samaki wakarudi, kumbe sumu ya miaka 40 iliyopita bado imelala chini. Mafuriko yakija, inaamka na kuendelea na safari.

Tatizo la pili ni hesabu tu: sehemu moja mashapo yamezidi, nyingine yamekwisha. Bwawa la umeme likijengwa, mashapo yanakwama nyuma ya ukuta. Maji yanayotoka upande wa pili hayana mzigo, na maji yasiyo na mzigo hula kitanda cha mto.

Mfano mzuri ni huohuo mto Rhine, mahali panapoitwa Iffezheim, Ujerumani. Kuna bwawa pale lililoanza kazi mwaka 1977. Chini yake mto ungechimba sakafu yake mwenyewe, kwa hiyo tangu mwaka 1978 majahazi humwaga changarawe mtoni, zaidi ya mita za ujazo 150,000 kwa mwaka wa kawaida. Mto unalishwa kwa mkono, kama mgonjwa. Kilomita mia kadhaa mbele, bandari inalipa ili mashapo yaondolewe.

Mto ni mmoja, na bili ni mbili.

Rotterdam ilivyowafuata wachafuzi

Kabla hata ya mtandao huu kuwapo, Rotterdam ilikuwa imeshaonja shida. Kufikia miaka ya 1980, sehemu ya tope lake ilikuwa chafu kiasi kwamba halikuweza kurudishwa baharini. Mwaka 1987 likafunguliwa shimo kubwa la kuhifadhia tope hilo, linaloitwa Slufter, lenye uwezo wa mita za ujazo takriban milioni 150.

Lakini shimo haliponyi mto. Bandari na mji wakafanya jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida: wakatuma watu kupima maji na tope kupanda juu ya mto, kutafuta viwanda vilivyokuwa vikimwaga uchafu. Wakawaendea wenye viwanda wakiwa na vipimo mkononi. Ujumbe ulikuwa mfupi: tukubaliane mpunguze, ama tuonane mahakamani. Wengi walikubaliana.

Wakati huohuo, tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalibeba viuatilifu mpaka mtoni na kuua samaki umbali mrefu. Nchi za bonde la Rhine, ambazo tangu mwaka 1950 zilikuwa na tume ya pamoja ya kuulinda mto, zikapitisha mpango mkali wa usafishaji mwaka 1987. Tope lilianza kuwa safi zaidi, na Slufter halikujaa kwa kasi iliyotarajiwa.

Kwa maneno mengine, njia ya bei nafuu ya kusafisha tope la bandari ilikuwa kulifuata huko linakotoka. Ila si kila bandari ina ubavu wa Rotterdam.

Kwa nini mtandao, na si sheria?

Sheria ilikuwepo. Mwaka 2000, Umoja wa Ulaya (EU) ulipitisha Sheria ya Mfumo wa Maji, inayotaka kila mto usimamiwe kwa bonde lake lote bila kujali mipaka ya nchi. Ni sheria kubwa na yenye meno. Lakini mashapo yaliguswa kidogo tu. Maji yalipata mwenyewe, tope likabaki yatima.

Na watu waliolijua tope walikuwa wametawanyika. Mhandisi wa bandari analiona kama gharama. Mkemia analiona kama daftari la uchafuzi wa miaka iliyopita. Mwanabiolojia anaona makazi ya viumbe, na mwenye bwawa anaona nafasi ya maji inayopotea. Wote wanazungumzia kitu kimoja, lakini walikuwa hawakai meza moja. Hata namna ya kupima haikufanana: nchi moja inapima chembe laini peke yake, nyingine inapima tope zima, kisha mnalinganisha majibu na kushangaa kwa nini hayaendani.

SedNet ilianza kama mradi uliolipiwa na Tume ya Ulaya kupitia fedha za utafiti, kuanzia mwaka 2002 hadi 2004. Lengo la mwanzo lilikuwa jembamba: mashapo yenye sumu na tope linalochotwa bandarini na mitoni. Miaka hiyo mitatu ilizaa ripoti kuhusu mashapo machafu katika mabonde ya mito ya Ulaya, iliyohaririwa na Wim Salomons na Jos Brils mwaka 2004.

Halafu fedha zikaisha.

Mtihani wa mwaka 2005

Hapa ndipo mitandao mingi ya aina hii hufia. Mradi ukiisha, mratibu anatafuta kazi nyingine, barua pepe zinapungua, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka nenosiri.

SedNet haikufa, na sababu inastahili kuangaliwa kwa karibu. Waliokuwa ndani hawakuwa watafiti peke yao. Kulikuwa na mamlaka za bandari na taasisi za serikali zinazosimamia njia za maji, yaani watu ambao tope lingewafuata kesho asubuhi, ruzuku iwepo isiwepo. Mtafiti anaweza kuhamia mada nyingine. Bandari ya Hamburg haiwezi kuuhama mto Elbe.

Basi mtandao ukaanza kujitegemea. Unaongozwa na kamati ya watu kutoka taasisi hizo, ambazo huchangia muda wa wafanyakazi wao na rasilimali nyingine. Sekretarieti ni ndogo na imehifadhiwa na Deltares, taasisi ya utafiti wa maji ya Uholanzi. Kuna vikundi kazi: kimoja kinashughulikia ubora wa mashapo, kingine wingi wake, kingine matumizi mapya ya tope lililochotwa. Na takriban kila miaka miwili kuna mkutano mkubwa, ambao umeshafika Hamburg, Lisbon, Krakow, Genoa na Dubrovnik miongoni mwa miji mingine. Mwaka 2021, wakati wa korona, ulifanyika kwa mtandao.

Kuhamahama huko kuna faida yake. Mkutano ukikaa mji mmoja kila mara, tatizo la mji huo ndilo linakuwa tatizo la Ulaya. Mtu wa Venice ana hofu ya rasi yake ya maji ya chumvi, wa Poland ana mito iliyopita kwenye migodi. Kila mwenyeji huja na tope lake.

Muda ulivyokwenda, hata mada ikapanuka. Kutoka kwenye sumu tu, mazungumzo yakafika kwenye mzunguko mzima wa mashapo kutoka mlimani hadi baharini. Mwezi Novemba 2006, jijini Venice, wataalamu hao walikaa na watu wanaosimamia mabonde ya mito kujadili jambo moja: mashapo yaingie kwenye mipango ya mabonde, yasibaki kiambatisho.

Hamburg inalipia uchafu wa wengine

Mto Elbe unaanzia Jamhuri ya Czech, unapita maeneo ya viwanda ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki, kisha unaingia Hamburg. Unabeba mabaki ya kemikali za enzi zile. Hamburg ilijenga mtambo mkubwa, METHA, ulioanza kazi mwaka 1993. Mtambo huo hutenganisha mchanga na tope laini, kwa kuwa sumu imeganda kwenye lile laini.

Kanuni ya EU inasema mchafuzi alipe. Sawa, lakini mchafuzi yuko wapi? Viwanda vingine vilifungwa, vingine vilikuwa vya dola ambayo haipo tena. Huwezi kupeleka hati ya madai kwa nchi iliyofutika kwenye ramani.

Mwaka 2010 Hamburg ikaanzisha mpango uitwao ELSA, unaotoa fedha za mji huo kusaidia kuondoa sumu kwenye mashapo huko juu ya mto, nje kabisa ya mipaka yake. Mlipa kodi wa Hamburg anagharimia usafi wa mahali ambapo pengine hajawahi kufika. Kisiasa si rahisi kuliuza jambo hilo, na ni wazi lisingewezekana bila vipimo ambavyo pande zote zinaviamini. Mwaka 2014, tume ya kimataifa ya mto Elbe ilitoa mpango wa pamoja wa kusimamia mashapo. Tume ya Rhine ilikuwa imetangulia na wake mwaka 2009.

Danube nako kuna shida ya upande wa pili. Mto huo unapita nchi 10, na mabwawa yake, likiwemo lile kubwa la Iron Gates kati ya Serbia na Romania lililoanza kazi mwaka 1972, yamekamata mashapo kiasi kwamba yanayofika delta na Bahari Nyeusi yamepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Hayo yalibainishwa na mradi wa pamoja wa nchi za bonde hilo kati ya 2017 na 2019. Delta isiyopata udongo mpya huliwa na bahari.

Sava, mto unaoingia Danube, ulienda mbali zaidi ya wote. Nchi zake, ambazo miaka ya 1990 baadhi zilikuwa vitani, zilitia saini mwaka 2015 itifaki maalumu ya kusimamia mashapo. Slovenia, Croatia, Bosnia na Herzegovina na Serbia, meza moja, zinazungumzia mchanga.

Tope ni takataka au ni mali?

Ugomvi unaoendelea sasa ni wa kisheria zaidi. Kwa sheria ya taka ya EU ya mwaka 2008, tope likihamishwa ndani ya mto huohuo kwa ajili ya kusimamia maji au kuzuia mafuriko, na ikathibitika halina sumu hatari, halihesabiwi kuwa taka. Likipandishwa nchi kavu, linaweza kuhesabiwa taka, na hapo ndipo vibali, vipimo na gharama huongezeka. Tope ni lilelile. Kilichobadilika ni upande wa ukingo lilipolala.

Kwa anayetaka kulitumia kujengea tuta au kutengenezea matofali, hiyo ni tofauti kati ya biashara na hasara. Vikundi kazi vya mtandao vimekuwa vikikusanya mifano ya mahali ambapo matumizi hayo yamewezekana.

Mwaka 2022, miaka 22 baada ya Sheria ya Mfumo wa Maji, nchi za EU na Tume ya Ulaya zilitoa mwongozo kamili wa usimamizi wa mashapo chini ya sheria hiyo. Watu wa SedNet walikuwa miongoni mwa wanaolidai jambo hilo tangu mwanzo.

Ni mwongozo lakini, si amri. Nchi isiyoufuata haipelekwi mahakamani kwa sababu ya mwongozo peke yake. Mzunguko wa sasa wa mipango ya mabonde unafika mwisho mwaka 2027, na kila bonde litalazimika kueleza hali ya maji yake. Kuhusu tope lililo chini ya maji hayo, uamuzi wa kulieleza au kulinyamazia bado kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa nchi yenyewe.