Dekoda Inakwama Ukigusa Waya? Usiitupe Bado, Shida Iko Hapa

Ni Jumapili jioni, mechi iko dakika ya 88 na timu yako iko chini bao moja. Straika anaingia boksi, anainua mguu, na picha inaganda. Unaenda nyuma ya TV, unafinya waya ya antena kidogo, picha inarudi. Ukikaa tu, imeganda tena. Mwishowe beshte mmoja anapewa kazi ya kusimama hapo nyuma akishikilia waya mpaka refa apulize kipenga.

Kama hiyo ndiyo stori ya keja yako, tulia. Usikimbie kununua antena nyingine, na usiseme dekoda imededi. Kitu kikikubali ukikishika na kukataa ukikiachilia, mara nyingi shida ni pale mahali waya inaingia. Wasee wengi hutupa dekoda nzima kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele.

Kwa nini inalegea?

Ile soketi ya antena nyuma ya dekoda imeshikwa kwa bodi na solda. Dekoda zenyewe siku hizi ni nyepesi, lakini waya ya antena ni nene na ngumu. Kila ukigeuza TV, kila mtoto akipita akikanyaga waya, ile solda ndiyo inavutwa. Ikivutwa mara nyingi inapasuka. Mafundi huita hiyo drai jointi: ukiangalia juu juu iko sawa, kumbe haishiki.

Na digitali haina huruma. Enzi za analogi, signal ikiwa mbaya ulikuwa unaona vitone vyeupe na sauti ya kukwaruza, lakini bado unajua nani amefunga. Tangu Kenya izime analogi mwaka wa 2015, ni picha safi ama hakuna picha. Signal ikishuka kidogo chini ya kiwango, unapata viboksi, halafu skrini nyeusi. Ndio maana ufa mdogo hivyo unaweza kukunyima mechi nzima.

Kwanza hakikisha ni soketi

Usifungue kitu bado. Ingia kwa menyu ya dekoda, tafuta ile page inaonyesha nguvu na ubora wa signal, halafu fanya hivi:

1. Tingisha waya mbali na dekoda, karibu na dirisha hivi. Mistari ikiruka, waya yenyewe imekatika ndani.

2. Shika plagi na uisukume polepole kulia na kushoto. Mistari ikiruka hapo, shida ni plagi ama soketi.

3. Azima waya ya jirani yenye plagi fiti. Ikikubali bila kushikwa, plagi yako ndiyo mbaya. Ikiendelea na tabia ile ile, soketi ndiyo imelegea.

Kama ni plagi, una bahati. Zima dekoda na uichomoe kwa stima, kisha fungua plagi na ukate waya upya. Shaba ya katikati ifike mbele vizuri, na zile nyuzi nyembamba za nje zisiiguse hata moja. Zikigusana, signal inakufa, na kama antena yako ina busta inayokula moto kutoka kwa dekoda, utakuwa umepiga shoti.

Sasa tufungue

Chomoa stima kabisa. Sio kuzima na rimoti, chomoa. Halafu cheki dekoda yako inatumia moto gani. Kama inatumia adapta ya nje ya volti 12, kazi ni rahisi. Lakini kama waya ya stima ya 240 inaingia moja kwa moja ndani ya dekoda, chunga sana. Ndani kuna kapasita kubwa inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Hiyo mpelekee fundi. TV yenyewe pia, usiifungue. Hakuna mechi inalipa maisha yako. Na kama dekoda bado iko na waranti, irudishe dukani, usivunje sili.

Ukishafungua, toa bodi na uigeuze. Tafuta miguu ya ile soketi: kuna pini moja ya katikati na miguu minene ya kushikilia mwili wake. Wasilisha tochi ya simu kwa pembe na utingishe soketi polepole. Ukiona mguu unacheza ndani ya solda, ama kaduara keusi kuzunguka mguu, umempata mwizi.

Kuchoma solda bila kuharibu

Tumia solda ya elektroniki, ile nyembamba yenye fluksi ndani. Usitumie dawa ya mafundi wa mifereji, ina asidi na italika bodi. Luthuli Avenue hapo tao hukosi hivi vitu.

Weka ncha moto iguse mguu na bodi kwa pamoja, sekunde mbili tatu, halafu lisha solda kidogo. Solda iyeyuke na kutambaa yenyewe. Ikikaa kama kidonge juu ya mguu, haijashika, rudia. Miguu minene hunyonya moto, kwa hivyo itataka muda kiasi na chuma chenye nguvu. Pini ya katikati ni delicate, fanya haraka utoke. Ukikawia, ule mstari wa shaba kwa bodi utabanduka, na hapo sasa utamtafuta fundi ukiwa mpole.

Kabla ya kufunga, angalia tena. Solda ya pini ya katikati isiguse ya miguu. Acha ipoe, rudisha bodi, washa, na usukume plagi ukiangalia mistari ya signal. Ikitulia, kazi imeisha.

Isirudi tena

Hapa ndipo wengi huteleza. Solda mpya pia itapasuka kama waya bado inaning'inia. Funga waya kwa mguu wa meza ama kwa msumari ukutani, uache kitanzi kidogo karibu na dekoda. Mtu akivuta, avute meza, sio soketi. Ukitoa plagi, shika plagi yenyewe, usivute waya.

Wikendi ijayo, huyo beshte wa kushikilia waya mpatie kiti. Amekosa mabao ya kutosha.